Upawa Mweupe wa Mzee Kodi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia maji ya watu wengine, Bwana Kirthisena Kodituwakku anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Septemba. Idara ya utumishi ilipendekeza aondoke jana, ili hesabu ya wiki ikae vizuri kwenye kompyuta. Alikataa. Ijumaa ni siku ya kumwaga maji, naye hajakosa hata moja, isipokuwa ile aliyozaliwa binti yake. Siku hiyo alimwaga ya hospitali.

Aliajiriwa hapa Hoteli ya Manel, Kurunegala, akiwa mtunza bustani. Mwaka wa tatu aliomba upawa mmoja jikoni, akaupaka rangi nyeupe ili viluwiluwi vya mbu vionekane vizuri, na tangu hapo hakuna aliyemkumbuka kwa maua. Kila Ijumaa asubuhi alipita kwenye mifereji ya paa, visahani vya mimea, trei za majokofu, vifuu vya nazi nyuma ya jiko na shimo la lifti. Maji yaliyoweza kumwagwa aliyamwaga. Yasiyoweza kumwagwa aliyatia samaki wadogo kutoka kwenye bwawa lake la nyuma. Kazi hiyo haina sauti wala harufu, na kwa sababu hiyo uongozi haukuiamini kamwe.

Uongozi ulipenda vinavyoonekana. Meneja wa kwanza alileta mashine ya moshi: wageni walikohoa kwa kuridhika, na mbu walivuka ziwa la jirani kwa nusu saa, wakarejea wakati wa chakula cha jioni. Wa pili alitundika taa za zambarau zilizoua nondo wengi sana, mbu hawakujulishwa. Wa tatu alizungushia bwawa la kuogelea mchaichai, na wapishi wanamshukuru hadi leo. Mzee Kodi hakubishana na yeyote. Alisema tu, “Mbu haji hapa kwa basi, bwana. Tunamzaa wenyewe.”

Uthibitisho ulipatikana mwaka ule tulipofungua ukumbi mpya wa harusi. Mlangoni kiliwekwa chungu kilichojaa maji, na juu yake maua ya mnazi, kama inavyopasa kwa kuita bahati. Kwa kawaida chungu huondolewa shughuli ikiisha. Lakini mnajimu wa Bibi Ellepola, mwenye hoteli hii, aliona kwamba Zohali imekaa vibaya, akaagiza kibaki siku tisini. Maji, mlangoni, kivulini, siku tisini. Mbu wenyewe wasingeandika maombi bora zaidi.

Mzee Kodi alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu Bibi Ellepola, ambaye leo ameketi safu ya mbele na atatusamehe, alimkatiza.

“Kodi, usikimwage, usikisogeze, usikitie dawa. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama. Ila viluwiluwi vitazaliwa humo.”

“Wewe shughulika na mifereji. Bahati tuachie sisi.”

Wiki ya tano, wahudumu wawili wa vyumba na karani wetu wa fedha, Bi Nayanakanthi, walilazwa kwa homa ya dengi. Uongozi uliwapelekea maua, yakiwa ndani ya chombo chenye maji.

Kisha ikaja barua. Mkaguzi wa afya, Bwana Tissera, angefika Jumatano. Akikuta kiluwiluwi kimoja, ukumbi ungefungwa, na Jumamosi ile ile tulikuwa na harusi ya watu mia nne. Bibi Ellepola alimwita Mzee Kodi mbele yetu sote, akamwambia kwamba kikionekana chochote, yeye na upawa wake wasirudi tena. Hivyo mtu mmoja akawajibika kwa chungu pekee ambacho hakuruhusiwa kukigusa. Mpango huo wa utawala bado haujapata mfano.

Jumatano Bwana Tissera alikagua paa, jiko na bustani, asipate kitu. Akaelekea mlangoni moja kwa moja, kama sisi sote tulivyojua angefanya. Alipenyeza upawa wake kando ya maua ya mnazi, akauinua, akaukazia macho, kisha akamgeukia Mzee Kodi.

“Kaka, hiki ni nini?”

“Samaki, bwana.”

“Naona ni samaki! Anafanya nini humu?”

“Yuko kazini. Wako sita, na hawaombi likizo.”

Mkaguzi alichota mara nne zaidi. Alipata samaki wawili waliovimba matumbo na hakuna kiluwiluwi. Agizo lilikuwa limetimizwa neno kwa neno: maji hayakumwagwa, chungu hakikusogezwa, dawa haikutiwa. Samaki hawakutajwa popote.

Harusi ilifanyika. Mnajimu alipoulizwa, alieleza kwamba samaki ndani ya chungu kilichojaa ni dalili njema, na kwamba yeye aliiona mapema. Ripoti ya mwaka ilimshukuru katika ukurasa wa kwanza. Mzee Kodi alitajwa ukurasa wa mwisho, katika neno “wengineo”. Ni miaka kumi na mmoja sasa tangu wale watatu watoke hospitalini, na hakuna mfanyakazi mwingine wa hoteli hii aliyelazwa kwa dengi. Hilo nalo halimo katika ripoti yoyote.

Uongozi umeamua kutojaza nafasi yake. Badala yake umenunua mashine mpya ya moshi, kubwa zaidi. Sisi wengineo tumepigilia msumari katika chumba cha kufulia, tukatundika upawa mweupe, na kando yake orodha ya zamu za Ijumaa ambayo hatukuiombea kibali. Zamu ya kwanza ni ya Bi Nayanakanthi. Wiki iliyopita alifanya mazoezi, akapata viluwiluwi kumi na vinne katika kisahani cha mmea, ofisini kwa meneja.

Mzee Kodi, ahsante kwa kila tone ulilolimwaga. Maua yaliyo mbele yako jukwaani yametiwa maji mapya leo asubuhi. Tunajua utachungulia, nawe chungulia. Kisha nenda kwako Wariyapola salama, ukae barazani kila jioni bila kujipiga kofi hata moja.