Chini kwa Chini

Abiria wawili walikaa kiti kimoja mbele yangu, wote wa mtaa wetu wa Tena, na hadi basi lilipofika Shauri Moyo hawakuwa wamewahi kusalimiana.

"Mimi Mama Muoki nimesema hiyo laini haipiti," alisema mama aliyepakata gunia la mitumba. "Waya wa stima chini ya mlango wangu, watoto wakicheza juu yake? Na injinia mwenyewe alikiri barazani. Alisema wataipitisha chini kwa chini."

Mzee mwenye ndevu za hina alishusha pumzi. "Alimaanisha chini ya ardhi, mama."

"Basi angesema ardhi. Chini kwa chini tunaijua sisi."

Mimi hufundisha Kiswahili, na sikuona la kumtetea injinia.

"Mimi niko na bucha," mzee alisema. "Stima ikipotea, nyama ya ngamia inaniozea. Wacha waipitishe. Na hata hawajaanza! Jumamosi ndio mkutano wa kuwauliza maoni. Enda ukatae huko, mbele ya watu."

"Nitaenda. Viatu nishanunua."

Tukikaribia Tena, basi likasimama. Kondakta akatuambia tushuke, mbele hakupitiki. Barabara ilikuwa imekatwa na mtaro mpya, mrefu, ulionyooka hadi kwenye nyumba zetu.

Mzee aliutazama. "Labda huu ni wa maji," alisema.

Mama Muoki alijitwika gunia lake. "Maji gani, mzee? Ya huku huja na mkokoteni."