Matanga ya Mzee wa Maboga

Yesu apewe sifa, kanisa! Wengi mnanijua mimi Mama Furaha kama yule mama wa benchi la nyuma asiyeimba. Leo nimekuja mbele.

Ndugu zangu, mume wangu alifia mji wa Louisville, huku ugenini. Tulimzika mchana, haraka haraka, halafu kila mtu akarudi kazini. Siwalaumu, shifti haina huruma. Lakini hakuna aliyekaa nami chini. Hakuna matanga, hakuna wa kusimulia alivyokuwa anatuchekesha. Machozi yakakauka, na sauti ikaenda nayo. Mimi niliyeongoza kwaya kule nyumbani Uvira! Nikahamia hapa Buffalo kwa dada yangu nikiwa gunia tupu.

Dada alikuwa anapalilia maboga kwa mzee mmoja, nje ya mji, ukishapita Cheektowaga, akanipeleka. Mzee alizaliwa Ireland, akaja kijana, akakuta pale pori tupu. Alikata miti, akang'oa visiki mwenyewe, akalima kabla jirani yeyote hajafika. Bon, siku ya kwanza akataka tung'oe lengalenga, tutupe. Lengalenga, ndugu zangu! Nikazijaza kwenye mfuko. Dada akamweleza kwamba hiyo ni mboga, mchicha wa kwetu. Mzee akacheka mpaka akaegemea jembe, akasema hata mama yake alipika majani ambayo wengine waliyakimbia. Tangu hapo akaniachia mistari yangu ya lengalenga. Tukawa marafiki, na Kiingereza changu mnakijua.

Kisha Mungu akamwita, ameshiba siku. Nikaogopa. Nilisema, huyu naye watamzika haraka haraka, na mimi nitakauka kabisa. Lakini binti yake akatupigia simu: "Njooni. Baba yuko sebuleni. Kwa watu wake maiti haachwi peke yake."

Tukaenda. Jeneza wazi, majirani wamejaa, chai na mikate mezani, watu wanasimulia, wanacheka, wanalia papo hapo. Donc, Wazungu nao wana matanga! Binti akaniomba nami niseme. Nikasimulia habari ya lengalenga, wakacheka sana. Halafu, sijui vipi, nikaanza kusimulia habari za mume wangu, dada akitafsiri. Nikalia kwa nguvu, kama tunavyolia kwetu, na hakuna aliyeninyamazisha. Nilipomaliza kulia, nikaimba. Bwana alinifungua palepale, mbele ya jeneza la mzee wa maboga.

Namshukuru Mungu kwa yule mzee. Namshukuru dada yangu aliyenivumilia. Na ninajua humu ndani kuna wengine waliozika leo wakarudi shifti kesho. Usiseme muda umepita. Mungu wetu anajua kungoja, mwamini.

Jumamosi mje kwangu, mtaa wa Riverside. Naweka matanga ya mume wangu. Mikeka ipo, sombe ipo, majani ya muhogo kama ya nyumbani. Anayemkumbuka aje asimulie habari zake. Na wewe ambaye hukumlilia wako, njoo na jina lake. Tumechelewa, lakini sufuria ni kubwa.