Kibao Namba Sita

Kijiwe chetu ni benchi moja tu ya mbao, imeegemea kibanda cha Janeffer, ng'ambo ya kituo cha kupimia majani chai, hapa Kapsiroi juu mlimani. Kahawa hatuna. Hii ni nchi ya chai, na mtu akiitisha kahawa hapa tunajua amepotea njia. Tunakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa kikombe cha bati. Alhamisi hiyo mvua ya mawe ilikuwa imepiga shamba lote, kituo kikafungwa, tukabaki wanne tumejikunyata kama kuku. Spika, yaani Kiptum, zamani alikuwa karani wa chifu, na haachi kuongea hata akitafuna. Boila ni Mzee Ooko wa kutoka ziwani, alichochea boila ya kiwanda miaka thelathini na moja, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Kamati ni Kimeli, kijana wa boda, tunamuita hivyo kwa sababu alikuwa kwenye kamati ya Njia ya Historia. Mimi wananiita Mizani, maana nilipima majani hapo kituoni mpaka mgongo ukakataa. Na nawaambia mapema, sina raha na haya ninayosimulia.

Hiyo Njia ya Historia ni nini? Watu fulani wa mradi walikuja mwaka juzi wakasema kijiji chetu ni cha zamani sana, kiliponea wakati mzungu alipofukuza watu huko chini apande chai, kwa hivyo wageni watapenda kukiona. Wakasimamisha vibao tisa. Mgeni anachukua karatasi ya ramani pale kanisani, anajitembeza mwenyewe: namba moja kanisa la mawe, namba mbili kinu cha mahindi, hivyo hivyo mpaka tisa. Hana wa kumuongoza, hana wa kumuuliza. Anasoma, anapiga picha, anashuka. Na maneno ya vibao yalitoka wapi? Watu wa kamati walitumwa wazunguke nyumba kwa nyumba waulize wazee. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, si mnajua mvua ya hapa, wakaketi kwenye benchi hii, wakatununulia chai na mandazi, wakafungua daftari. Tukasema. Ee, tulisema mpaka daftari likajaa.

Sasa Alhamisi hiyo Janeffer alitoka kibandani na birika, lakini hakumimina. Akasimama nayo mbele yetu.

Janeffer: Mmesikia watu wa Ndanai wamesimamisha koito ya Chelangat?

Spika: Ile posa ya Jumamosi? Hiyo ni mambo ya ng'ombe tu. Familia ya msichana imeitisha ng'ombe wengi. Nilijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Boila: Ainame kwa ng'ombe? Yawa, Spika, hiyo methali umeiokota wapi?

Janeffer: Si ng'ombe. Ni kibao namba sita. Walipokuja mara ya kwanza kujuana, mjomba wa kijana anayetaka kumuoa alichukua ile karatasi akatembea kidogo. Akafika langoni kwa Kogo Chepkurui akasoma.

Hakuna aliyeuliza alisoma nini. Tunakijua hicho kibao kama tunavyojua majina yetu: *Hapa aliishi arap Sitonik, aliyemwonyesha mzungu njia ya mlima ili watu wafukuzwe. Alilipwa baiskeli. Ukoo wake ulilaaniwa.* Arap Sitonik ndiye baba yake huyo bibi kizee, Kogo Chepkurui. Chelangat ni mjukuu wa Kogo, amelelewa na yeye tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Kogo hajui kusoma. Mwaka mzima ameona wageni wakipiga picha langoni kwake, akafikiri wanamsifu baba yake. Anafyeka nyasi kuzunguka kile kibao. Kuna siku nilimuona akiwatolea wageni wawili mursik, maziwa yaliyoganda, kwa kibuyu, wakanywa wakakunja uso, naye akacheka kwa furaha. Mimi nilipita kama mtu aliye na haraka.

Janeffer: Chelangat alikuja hapa asubuhi. Alilia mpaka nikafunga dirisha. Anasema hao watu hawajakataa kabisa. Watatuma mzee wao leo, aulize majirani. Akiambiwa ni uongo, Jumamosi wanakuja. Ameniomba niwaambie nyinyi, na Kogo bado hajaambiwa kitu. Mmeelewa?

Kamati: Tumeelewa, madhee.

Janeffer: Basi nani alisema hayo maneno?

Spika: Mimi nilisema tu kulikuwa na mtu alionyesha mzungu njia. Mtu! Sikutaja jina.

Kamati: Buda, ulitaja. Uliniambia "andika arap Sitonik", nikakuuliza herufi.

Spika: Nilitoa mfano! Mfano si ushahidi. Hata kortini.

Boila: Na baiskeli?

Kamati: Baiskeli ni wewe, Mzee Ooko.

Boila: Mimi? Mimi nilisema kule kwetu kulikuwa na mtu alipewa baiskeli. Kule kwetu! Wewe ukaileta ikapanda mlima huu.

Kamati: Si ulisema "hata huyu lazima alipewa kitu"?

Boila: Nilikuwa nakunywa chai ya bure, omera. Mtu akikunywa chai ya bure anachanga maneno.

Wakanigeukia mimi. Niliangalia majani ya chai ng'ambo ya barabara, yale machanga yote yametobolewa na mvua ya mawe, meusi, yameinama. Laana ilikuwa yangu. Wenzangu walikuwa wamesema vitu vitamu, na mimi nilikuwa sijasema kitu, nikaona aibu kula mandazi bila kuchangia. Nikasema ukoo wake ulilaaniwa, ng'ombe wao wakawa wanazaa ndama bila mkia. Watu wa kamati wakaacha ndama, wakaandika laana. Ndama walikuwa uongo na laana ilikuwa uongo. Arap Sitonik mwenyewe sijui hata kama alikuwa mrefu au mfupi.

Mimi: Wacheni ya nani alisema. Tutarekebisha vipi?

Spika: Rahisi. Tunamwambia huyo mzee ni arap Sitonik mwingine. Kulikuwa na wawili.

Boila: Wawili kwa lango moja?

Spika: Mapacha.

Boila: Mapacha wote wakaitwa jina moja?

Spika: Ooko, wewe si wa huku, hujui mila.

Boila akasogea mwisho wa benchi. Ana miaka arobaini na kitu kwenye mlima huu na bado neno hilo linamchoma.

Kamati: Mimi naona tuking'oe usiku, tuseme upepo.

Janeffer: Upepo uliong'oa kimoja ukaacha nane? Na huyo mzee anakuja leo, si kesho.

Spika: Basi tuseme ni siasa. Kuna mtu huko Bomet anataka hili lango lichukuliwe, ndio maana akaandikisha. Tena nikifikiria vizuri, chini ya ile nyumba kuna kitu. Mbona wageni wote wanasimama hapo kuliko kanisani? Wana mashine ndani ya simu. Wanapima.

Kamati: Wanapima nini?

Spika: Madini. Mzungu alifukuza watu kwa sababu ya chai tu? Fikiria! Chai ilikuwa ya kufunika. Arap Sitonik aliona dhahabu, akakataa kuionyesha, wakamharibia jina.

Boila: Wakamharibia jina miaka tisini baadaye, kwa mdomo wako?

Spika: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Boila: Mkuu ni nani hapo?

Spika: Kibao!

Kamati alicheka, halafu akajikamata. Mimi nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilimwambia Spika afunge mdomo.

Mimi: Tunasema hivi. Mzee akifika, tunamwambia ni sisi tulitunga. Basi. Nani ataongea?

Spika: Aongee Kamati. Ndiye aliandika.

Kamati: Maze, mimi niseme nilidanganya mradi? Vibao vyote tisa vitang'olewa. Wageni wataenda wapi? Na wale nawabeba kwa piki kutoka Kapkatet? Aongee Spika, ni wake.

Spika: Mimi nilikuwa karani wa chifu. Nikisema nilidanganya hii, watu watauliza na yale mengine niliyoandika.

Boila: Mimi nikiongea watasema mtu wa kuja ndiye aliwatukania mzee wao. Mnajua watasema. Spika amesema sasa hivi.

Mimi: Sawa. Nitasema mimi.

Nilimaanisha. Mniamini au msiniamini, wakati huo nilimaanisha. Janeffer akanimiminia kikombe, cha maziwa, akaniambia kongoi, asante, kwa sauti ya chini.

Alifika saa kumi na moja hivi. Mzee mmoja mwembamba, koti refu la kijivu, gambuti za matope, kofia mkononi. Mkono wa pili alishika karatasi ya ramani, imelowa na kukunjika. Alikuwa ametembea njia yote, kibao kwa kibao, mpaka tisa, halafu akarudi chini kwetu. Alitusalimia mmoja mmoja, akashika mkono wa kila mtu, hata wa Boila aliushika kwa mikono miwili.

— Chamgei. Mimi ni Joab, wa Ndanai. Nimetumwa na watu wangu juu ya msichana wa nyumba ile.

— Chamgei mising, boiyot, tukasema. Karibu chai.

— Nikimaliza nitakunywa. Nimesoma yote tisa. Mmeandika vizuri. Lakini kibao hakina mdomo, huwezi kukiuliza. Ndio nikasema nitafute watu.

Alikunja ile karatasi taratibu, akaiweka mfukoni. Macho yake hayakuwa ya ugomvi. Nafikiri alitaka tumwambie ni uongo. Mtu hatembei mlima mzima na mvua, na umri ule, akitafuta ubaya.

— Nina swali moja tu, akasema. Huyu arap Sitonik, ni nani kati yenu alisikia habari yake kwa mtu aliyemjua?

Hilo tu.

Spika, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, akaangalia kikombe. Kamati akaanza kufuta kioo cha piki. Boila akaniangalia mimi. Janeffer kwa dirisha akaniangalia mimi. Mdomo niliufungua, haki ya Mungu niliufungua. Nikaona nitakavyosema: mimi, mzee wa kanisa, niliyepima majani ya watu miaka ishirini na mbili wakaniamini, niliuza jina la marehemu kwa mandazi. Nikaona huyu mzee akirudi Ndanai akisimulia. Nikaona watu wakicheka sokoni. Nikasema:

— Mzee, kunywa chai kwanza, itapoa.

Alingoja. Alingoja sana, mpaka maji yaliyokuwa yanadondoka kwa mabati tukayasikia moja moja. Akavaa kofia.

— Kwetu, akasema, jirani akiulizwa juu ya nyumba akanyamaza, amejibu. Anaficha mabaya kwa sababu anawapenda wenyewe. Nimewaelewa. Mnampenda yule mama. Mungu awabariki.

— Mzee, si hivyo, akasema Boila.

— Ni jinsi gani?

Boila akatuangalia sisi watatu, wenye mlima.

— Hakuna, mzee. Safari njema.

Mzee Joab akashuka barabara ya Kapkatet, akikwepa madimbwi. Hakuangalia nyuma.

Spika: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kamati alikuwa amesimama, funguo ya piki mkononi.

Kamati: Naweza kumfikia. Dakika mbili tu. Nimfuate?

Akatuangalia mmoja mmoja, anangoja mtu amwambie ndiyo. Mimi nilikuwa mkubwa wake, na ndiye niliyesema nitasema. Nikasema giza linaingia na barabara ina utelezi. Akarudisha funguo mfukoni.

Janeffer alitoka nje akachukua vikombe vyetu, vingine vikiwa bado na chai. Changu alikimwaga chini, maziwa yakaenda na matope.

Janeffer: Chai imeisha.

Birika ilikuwa imejaa, tuliiona ikitoa moshi. Tulitawanyika bila kuagana.

Njia ya kwangu inapita kwa Kogo Chepkurui, hakuna nyingine. Nilitaka kupita haraka lakini alikuwa nje langoni, ameinama, anaokota matawi yaliyovunjwa na mvua ya mawe. Uwanja wake wote ulikuwa umefagiliwa. Viti vya kuazima kanisani vilikuwa vimepangwa chini ya paa, vimefunikwa na shuka. Chelangat alikuwa mlangoni, amesimama bila kusonga. Hakunisalimia, aliniangalia tu, na nikajua anasoma usoni mwangu jibu alilokuwa anangojea tangu asubuhi. Akaingia ndani.

Kogo hakuona. Alinyoosha mgongo akanishika mkono kwa vidole vyenye matope.

— Mizani, nimesikia kuna mzee wa Ndanai amepita kwenu kijiweni.

— Ee, Kogo. Amepita.

— Mmemwambia mazuri yetu?

— Tumemwambia.

— Kongoi, mwanangu. Mungu akuone. Na Jumamosi, amesema watafika saa ngapi? Nataka nijue saa ya kufungua mursik.

Nilimwangalia usoni.

— Saa nne, Kogo, nikamwambia. Saa nne asubuhi.