Mkono Mmoja wa Mwenze

Wenyeji wa Kolwezi walipowafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, Mbuyi, mmoja wao, alisafiri juu ya mabunda ndani ya behewa la mizigo, na kwa kuwa usingizi haukuwapo, alisikiliza. Mama Jocelyne, muuguzi wa macho, alikuwa akibishana na mzee aliyekutana naye humo, Tata Mpoyi.

"Mi naona muzuri, mama," alisema mzee. "Hata miti ya kilima ile naihesabu."

Hospitali walimpiga picha ya ndani ya jicho. Fujo zikaanza kabla ya majibu, akabaki na picha. Jocelyne aliiinua kwenye mwanga wa asubuhi. "Tata, mushipa ya jicho imelikwa, imebaki shimo kama kikombe. Angalia pua yangu tu. Ukiona kidole, sema."

Akaleta kidole polepole kutoka pembeni. Behewa zima lilikiona. Mzee alingoja kwa adabu.

"Basi anza, mama."

Hakuna aliyecheka. Jocelyne alishusha mkono. "Nimemaliza, tata. Huku pembeni kumekufa. Hakutarudia."

"Bongo, unanidanganya. Kilichokufa ni roho ya bantu. Mwenze, jirani yangu ule wa mukono moja, hakukuya hata kuniaga."

Mbuyi alikumbuka walivyopanda treni Kolwezi. Pale stesheni, mtu wa mkono mmoja alisimama ubavuni pa mzee huyu, ameunyoosha, sauti yake imemezwa na kelele. Mzee akapita bila kugeuka, na Mbuyi akamsifu moyoni kwa kiburi kile, akidhani amemkataa mmoja wa waliowafukuza; kumbe hakumwona.

Treni ikasimama Tenke. Mzee akainuka kutafuta maji, akipapasa mlango, na Mbuyi akashuka kwenye mabunda kumweleza.