Lương Thị Nhạn, Mlezi wa Seli za Ukuta wa Ubongo

Tarehe 30 Juni, Bi Lương Thị Nhạn, fundi wa maabara yetu hapa Huế, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kukuza seli za ukuta wa ubongo, zile zinazotanda ndani ya mishipa ya damu ya kichwani ili vijidudu visipenye.

Seli hizo alizitoa kwenye bongo za nguruwe, akizifuata machinjioni alfajiri kwa baiskeli. Wachinjaji hawakukosa la kusema: "Dada, ubongo tena? Shemeji hachoki?" Naye alikuwa akijibu, "Shemeji yenu hajaonja hata kijiko. Hizi mlaji wake hadubini."

Mwaka 2004 utani ulikatika. Mdogo wake, Cảnh, alikula damu mbichi ya nguruwe harusini, kama tulivyokula wengi wetu, na siku ya tatu homa ya uti wa mgongo, iliyoletwa na bakteria wa nguruwe, ikamlaza. Alipona, ila masikio yalikufa. Dada Nhạn alirudi kazini macho yamemvimba, akawatia bakteria wa aina ileile kwenye sahani ya seli zake.

Ndipo alipoona jambo. Hakuna bakteria hata mmoja aliyepenya, lakini chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, alizoziweka pembeni zilikuwa zimeshajazana ukutani.

Dkt. Thuyên, mkuu wetu wakati huo, hakushtuka. "Umechafua sahani, Nhạn. Tupa."

"Situpi, Daktari. Ukuta hauna hata ufa. Sasa nani kaziita?"

Akarudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Dkt. Thuyên alifanya kwa mikono yake, akaona yaleyale, akavua miwani. "Ukuta ndio umeita. Niwie radhi, Dada." Tangu hapo hakumwita vinginevyo, ingawa Daktari ndiye aliyemzidi umri kwa miaka ishirini.

Hivyo tukajua kwamba seli hizo si matofali tu. Zikiguswa na adui, humwaga kemikali ya kuomba msaada. Dawa tunazozijaribu leo zimeanzia kwenye sahani ile iliyonusurika kutupwa.

Cảnh alipoelezwa kwa maandishi, aliuliza kwa kalamu: "Zangu hazikuita?"

Dada Nhạn akaandika: "Ziliita. Ndiyo maana uko hai."

Leo Cảnh ameketi safu ya mbele, na wasifu huu tumeuchapa ili naye, asiyesikia, asipitwe na neno juu ya dada yake. Bwana Cảnh, tufikishie, maana likitoka kwako litamgusa zaidi: ahsante, Dada Nhạn, na ustaafu wako uwe wa heri.