Tisa ya Mzee Dhirajlal

Mheshimiwa Diwani wetu, viongozi wetu wa dini mliokubali kukaa meza moja, Mzee Dhirajlal na mama yetu Bi Pramila, Daktari Trupti, ndugu zetu wa Mkata mliojaza basi zima, ndugu wa Vugiri mlioanza kuteremka mlima tangu alfajiri, wageni waalikwa wote, na nyinyi wa kule nyuma ambao hamkualikwa ila mmenusa pilau: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni Chausiku Semboja, muuguzi mstaafu. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa mlangoni pa chumba cha tiba cha Mzee Dhirajlal, pale Masuguru, nikiandika majina na kumwelekeza hospitali kila mwenye homa kali kabla hajavuka kizingiti. Nimepewa dakika tano za kumuaga. Wewe mshereheshaji, usinioneshe saa. Nilikuchoma sindano ukiwa na miaka minne na mtaa mzima ulikusikia.

Ndugu zangu, tiba ya Ayurveda ya Mzee mnaijua. Anakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, anatulia, kisha anakwambia mwilini mwako kimezidi nini: upepo, moto au maji. Basi kwa miaka sita Trupti, binti yake, aliyeisomea tiba hiyohiyo India akarudi na cheti, amekuwa akiomba kiti cha baba yake. Na kwa miaka sita baba mtu amekuwa akijibu, "Vidole vyako bado vibichi." Mwaka huu binti akachoka. Akasema, "Baba, nimepata kazi Arusha. Ama unaniachia kiti, ama naondoka mwisho wa mwezi." Mzee akasema, haya, tupimwe. Si ndivyo tulivyo? Mwenye kudai mizani ni yule anayejiona mzito.

Akaitwa kijana Dunstan, mtafiti, yule pale mwenye suti ya bluu. Simama wakuone, baba. Akatuletea fomu, pazia zito lenye tundu, na masharti kama ya mganga wa kienyeji. Watu thelathini watoke Mkata. Madaktari wawe watatu: Mzee, Trupti, na Daktari Aakash aliyealikwa kutoka Moshi. Mgonjwa apenyeze mkono kwenye tundu bila kutoa sauti, daktari aandike huyu ni mwanamume au mwanamke, na kilichozidi ni nini. Asubuhi mara moja, alasiri mara ya pili, foleni ikiwa imechanganywa, tuone kama daktari atamwandika mtu yuleyule vilevile.

Sasa, katika tiba hii mwanamume hupimwa mkono wa kulia, mwanamke wa kushoto. Dunstan akawaeleza akina mama vizuri kabisa. Wakaitikia, "Tumeelewa, mwanangu." Wakafika kwenye pazia, na wote kumi na wanane wakapenyeza mkono wa kulia! Jamani, nani angetegemea vingine? Mwanamke aliyelelewa akaleleka, ampe mtu mzima mkono wa kushoto? Ule wa msalani? Bibi Shamsia wa Mkata aliniambia, "Mwanangu Chausiku, bora nife na upepo wangu kuliko kufa sina adabu."

Jioni Dunstan akaja mbio, anapeperusha karatasi kwa furaha. "Mama, madaktari wote watatu wamekubaliana asilimia mia moja!" Nikamuuliza, wamekubaliana nini? Wamekubaliana kwamba Mkata nzima haina mwanamke hata mmoja. Husna, mwenye mimba ya miezi minane, ameandikwa mwanamume mara sita! Nikamwambia, mwanangu, kukubaliana si kupatia. Hata wezi hukubaliana.

Ikabidi turudie wiki iliyofuata. Bibi Shamsia ndiye aliyetoa hukumu: kwanza unapenyeza wa kulia, unamsalimu daktari kwa kumshika mkono, unautoa, ndipo unaingiza wa kushoto, na kwa kuwa huruhusiwi kusema samahani, unagonga meza mara mbili. Siku nzima chumba kikawa ngo-ngo, ngo-ngo. Majirani wakadhani tunatengeneza jeneza. Na Mzee Mhina, uliyekaa karibu na sufuria, najua una kesi yako. Asubuhi Mzee Dhirajlal alikuandika moto, ukampigia mkeo simu asitie pilipili. Alasiri akakuandika upepo, ukampigia tena atie tangawizi. Mkeo alikuja kuniuliza mimi kama umeoa kwingine.

Lakini kesi ya Mhina ndiyo iliyotufikisha hapa leo. Majibu yalipojumlishwa, kati ya watu thelathini, Trupti alijirudia sawasawa kwa watu ishirini na sita. Daktari Aakash, ishirini na moja. Dunstan akanieleza kwamba mtu asiyejua lolote, akiandika ovyo tu, hupata kama kumi. Mzee wetu alipata tisa.

Ndugu wageni waalikwa, nitasema mbele yenu jambo la aibu. Nilichukua kalamu. Nilitaka kuweka moja mbele ya ile tisa, iwe kumi na tisa, yaishe. Mimi, muuguzi niliyekula kiapo! Mzee akaingia, akaniona.

"Chausiku, unafanya nini?"

"Naweka mambo sawa, Mzee."

"Yako sawa. Iache."

Akakaa. Akaniambia vidole vyake vimekufa ganzi tangu mwaka juzi. Akishika mkono wa mtu, hasikii kitu. Alichokuwa akifanya ni kumtazama mgonjwa usoni, kumsikiliza anavyokohoa, kuuliza habari za shamba na za mkwe. Pazia lilipowekwa, akabaki hana cha kushika. Nikamuuliza kwa ukali, maana nilikuwa nalia, kwa nini basi hukumwachia mtoto kiti tangu mwaka juzi? Mnajua alinijibu nini? Alisema, "Nikishaondoka kwenye kile kiti, nani atakuja kuniona?"

Kesho yake aliibeba ile tisa mwenyewe mpaka kwa binti yake, akaiweka mezani pamoja na funguo. Trupti haendi Arusha. Daktari Trupti, kiti ni chako, na mmoja wa miguu yake ni mbovu, baba yako hakukwambia.

Namshukuru Mheshimiwa Diwani, nawashukuru waandaaji na wapishi, na nakushukuru Bi Pramila kwa kutuazima mume wako kwa miaka yote hii. Sasa, Mzee Dhirajlal, nakuomba usimame. Msaidieni. Geuka, baba, utazame ukumbi. Tazama mpaka kule mlangoni, wale waliokosa viti. Leo mimi sikuandika jina la mtu hata mmoja, wala hakuna aliyekuja kupimwa.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.