Nani Alimtwisha Rahma

Kijiwe chetu kipo kando ya barabara ya Mombo, mbele ya mashine ya kusaga, na kahawa ni ya Mzee Rama. Kwa kawaida tunabishana mpira na bei ya kabichi. Leo Faraji, tunayemwita Bosi kwa ajili ya shamba lake la bondeni, katoka shambani na habari za mkewe. Rahma ana mtoto wa miezi minne, na tangu ajifungue, akikohoa au akicheka, mkojo unamtoka. Siri ya nyumbani mtu kaimwaga benchini kama maganda ya karanga! Nilikasirika tangu kikombe cha kwanza, na hadi sasa hasira hazijaniisha.

BOSI: Nimempeleka hospitali, wamempa nini? Mazoezi! Eti akaze kama anazuia mkojo, aachie, akaze tena. Kila siku, miezi mitatu! Nesi anasema misuli ya chini imelegea kwa uzazi, wanawake wengi huwatokea, na wengi hupona bila kisu.

SPANA (fundi pikipiki): Bila kisu? Washa ya bomba ikichoka inabadilishwa, bwana. Haifanyiwi mazoezi!

PROFESA (karani mstaafu): Tatizo ni baridi ya milima hii. Mtu hatoki jasho, sasa maji yapite wapi? Mpeleke Mombo kwenye joto. Wanawake wa kule umewasikia wakilalamika?

MIMI: Walalamike kwako wewe, kama nani?

SPANA: Asinywe maji basi. Tangi tupu halivuji. Haba na haba hujaza kibaba!

MIMI: Ananyonyesha, mjinga wewe! Maziwa ya mtoto utayatoa kwenye spana?

PROFESA: Ngoja, nimepata. Alivuka mto Sigi na mimba, hakupiga hodi. Jini anadai maji yake, na dawa ya deni ni kulipa.

MZEE RAMA: Profesa, kahawa yangu imekulevya.

BOSI: Nyie chekeni. Maulidini haendi, kwa wenzake hakai, udhu unatenguka kila saa. Mazoezi mwezi wa pili huu, sioni kitu. Nimempigia simu shangazi yake wa Kwamkoro aje amchukue. Akajikaushe kwao!

MIMI: Akajikaushe? Mkeo ni nguo?

Hapo hapo Bibi Mwanamwema, shangazi mwenyewe, akatokea. Gari lilimshusha bondeni, akapanda kwa miguu, anahema. Tukasimama wote.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Faraji, nesi alimkataza Rahma nini?

Bosi akajikuna shingo.

— Mizigo mizito. Mpaka misuli irudi.

— Nimemkuta pale kwenye kona. Mtoto mgongoni, kiroba cha viazi kichwani, machozi yanamtoka. Tumekitua wawili, kidogo kituvunje viuno. Kiroba kile mtu hajitwiki mwenyewe, baba. Nani alimtwisha?

Spana akatazama kucha zake. Profesa, mwenye jibu la kila kitu hadi majini, akatafuta miwani iliyokuwa puani. Shambani asubuhi ile walikuwa Bosi, mkewe na kichanga chao, basi.

— Simchukui, akasema Bibi. Hajakosa kitu. Atamaliza mazoezi yake hapahapa, nyumbani kwake, nami nakaa naye. Kiroba kipo kwenye kona. Nenda.

Bosi akaenda. Kutoka benchini kona inaonekana yote. Rahma alikuwa amekaa kando ya barabara, ananyonyesha. Bosi akakikumbatia kiroba, akakipandisha hadi kifuani, kikamrudisha chini. Akajaribu tena. Mwishowe akageuka, akatupungia mkono tukamtwishe.

Spana alitaka kuinuka. Bibi Mwanamwema akamtazama, Spana akakaa.